Ukitaka kujitolea, omba kazi iliyokosa mtu

Wengi wanaotaka kujitolea kwenye shirika la kusaidia wahitaji huwa wanajiona wakigawa chakula. Kazi hiyo ipo, lakini siku ya kugawa watu hawakosekani. Wanaokosekana ni wa siku iliyotangulia.

Mimi kwa miaka yote hii nimekuwa zaidi upande wa stoo, na ushauri wangu ni huu: ukifika, muulize msimamizi ni kazi gani imelala kwa kukosa mtu. Mara nyingi utaonyeshwa rundo la mifuko ya nguo. Hapo unakagua zipu, vifungo, kola na kwapa. Viatu unavifunga pamoja kwa kamba zake, la sivyo kimoja kitapotelea kwenye rundo na kilichobaki hakimfai mtu. Nguo ambayo usingempa mdogo wako, usimwekee mtoto wa mwenzio. Upande wa vyakula, vinavyokaribia kuisha muda vinapangwa mbele ili vitoke kwanza, na maziwa ya kopo ya watoto wachanga yaliyopita tarehe hayatoki kabisa, hata foleni iwe ndefu vipi.

Ahidi kidogo unachokiweza. Anayekuja kwa muda wa saa mbili tu kila Jumamosi anamsaidia msimamizi kupanga kazi. Anayeahidi wiki nzima kisha akazima simu anamwachia pengo. Ukipata dharura, toa taarifa mapema. Desemba 5 ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, na msimu ule wa sikukuu wageni hujaa. Karibuni sana, ila nawaomba mrudi na Februari, stoo inapokuwa tupu na mikono haipo.

Kuhusu picha nina msimamo mkali. Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu walipopitisha misingi yao saba mwaka 1965, mmojawapo ulikuwa huduma ya kujitolea isiyosukumwa na tamaa ya faida. Kwangu mimi, kumpiga picha mama aliyeshika mfuko wa unga ili upate sifa mtandaoni ni faida pia. Simu iache mfukoni. Na siku moja utamwona kwenye foleni mtu unayemfahamu, pengine jirani au mwalimu wako wa zamani. Msalimie kama kawaida, mhudumie, na habari yake iishie hapo hapo.

Kama kazi inahusu watoto, utaulizwa maswali mengi na pengine kuombwa wadhamini na hati ya polisi. Usikasirike. Shirika lisilouliza chochote ndilo la kuogopa. Nawe uliza lako: nauli ni juu ya nani, nikiumia kazini inakuwaje, nani wa kumweleza nikiona jambo baya?

Kazi ikikushinda, sema ubadilishiwe. Kuna ya kuendesha gari, kuna ya kuandika hesabu, kuna ya kupigia simu wazee wanaoishi peke yao, na hiyo ya mwisho karibu kila mahali inatafuta mtu.