Sare ya Star Trek mnadani
Ndugu, umeuliza kama dola 800 zinatosha kwa sare ya waigizaji wa Star Trek, ile tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu, kwenye mnada wa mtandaoni. Dau siyo gharama yote. Juu yake kuna kamisheni ya mnunuzi, yaani ada anayolipa mnunuzi kwa kampuni ya mnada, mara nyingi zaidi ya asilimia 20, halafu usafirishaji na ushuru wa forodha. Makadirio ya bei nayo yasikudanganye: mwaka 2006 kampuni ya mnada ya Christie's, New York, iliuza modeli ya Enterprise-D, chombo cha anga cha Star Trek, kwa dola 576,000, kamisheni ikiwemo, wakati ilikadiriwa dola 25,000 hadi 35,000 tu! Mimi ningeomba kwanza picha ya lebo ya ndani na hati inayoonyesha sare ilivyotoka studio. Wauzaji wakikosa hivyo, iache, hata kama unaipenda kiasi gani.