Maswali ya Wasomaji: Kutikisa Kamera Msituni kwa Makusudi

Toleo lililopita tulitoa picha ya kiimpreshoni, ya msitu wa mipaini, iliyopigwa huku kamera inashushwa chini, mashina yamesimama vizuri lakini majani na nyasi zimekuwa kama rangi iliyoburutwa na brashi. Maswali yamekuja mengi kweli, leo najibu matatu.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi nipo Mafinga, nina kamera ya kawaida na lenzi yake ile ile ya 18-55 niliyonunua nayo. Nilivoiona ile picha nikaingia shamba la miti la Sao Hill siku mbili mfululizo kujaribu, zote zimetoka kama mtu katetemeka mkono, na zingine nyeupe kabisa. Nimetumia shata 1/60, nikajaribu na sekunde 2. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza sehemu ulipo ni nzuri mno kwa kazi hii na sijui kama unajua. Mipaini ya shambani imepandwa kwa mistari, ile ya umri mkubwa imepogolewa matawi ya chini, kwa hiyo unabaki na mashina marefu yaliyonyooka na hamna kitu kinachoyakata katikati. Ukisogeza kamera kufuata urefu wa shina, kila sehemu ya shina inaangukia juu ya shina lenyewe, ndo maana kingo zake zinabaki zinaonekana wakati majani, ambayo hayana mstari mmoja, yanayeyuka. Hiyo ndo siri yote ya ile picha. Mkono ukienda pembeni hata kidogo tu shina linakuwa mawili na macho yanaona kosa.

Sasa shata, yaani muda ambao kamera inakaa wazi kupokea mwanga. 1/60 ya sekunde ni haraka sana, kamera inakuwa haijasogea vya kutosha kwa hiyo mtu anaona picha iliyotikisika tu, na sekunde 2 ni ndefu mno kwa kuanzia, kila kitu kinakuwa uji. Anza na 1/4, halafu jaribu 1/8 na nusu sekunde uone tofauti. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, weka 100, na apecha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, weka f/16 ambalo ni tundu dogo (namba ikishuka tundu linakuwa kubwa). Chini ya miti siku ya mawingu hizo namba zinakubaliana na mwanga wenyewe bila kununua chochote, ila juani pa wazi kwa f/16 na ISO 100 kamera itataka kama 1/100 na ndo hapo picha zako zinapokuwa nyeupe, maana we umeilazimisha ikae wazi kwa sekunde 2 nzima. Kama lazima upige jua likiwaka tafuta filta ya ND32, kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga mara 32, itakushusha mpaka kwenye theluthi ya sekunde hivi. Mi mwenyewe naona bora usubiri ukungu. We upo Mufindi, ukungu wa Juni na Julai unakuja bure asubuhi, unapunguza mwanga na unafuta vile vitundu vyeupe vya mbingu katikati ya matawi ambavyo ukishusha kamera vinachora michirizi mibaya nyeupe juu ya kila kitu. Na mvua ikishakatika usikimbilie nyumbani, magome yanakuwa meusi na kijani kinakolea, ukiwa na filta ya polaraiza unaondoa na ule mng'ao wa maji kwenye majani.

Kuhusu mwendo wa mkono, hebu fikiria unavofyeka nyasi. Fyekeo linaanza kwenda kabla halijagusa nyasi na halisimami pale pale lilipokata, linapitiliza. Na kamera fanya hivo hivo, anza kushuka kwanza, bonyeza ukiwa katikati ya mwendo, endelea kushuka mpaka usikie shata imefunga. Wengi wanabonyeza ndo waanze kusogea, matokeo yake mwanzo wa picha umeganda na mwisho umevutika. Viwiko vibane mbavuni, ushuke kwa magoti na kiuno, sio kwa vifundo vya mikono. Halafu zima kile kiswichi cha kutuliza mtikisiko kwenye lenzi, maana chenyewe kazi yake ni kupingana na unachotaka kufanya. Fokasi ipate mara moja kwenye shina halafu uihamishie manyuo, yaani ya kurekebisha kwa mkono, isije ikaanza kutafuta wakati unashuka.

Usikate tamaa na idadi. Asubuhi moja nilipiga zaidi ya 200 nikabaki na 3, na hizo 3 nazipenda mpaka leo. Na pita kwanza ofisi ya shamba kuulizia utaratibu wa kuingia, lile ni shamba la serikali chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na magari ya magogo yanapita muda wote, usisimame barabarani jicho likiwa kwenye kamera.

SWALI: Mimi niko Nairobi na sina kamera, nina simu tu ya Android. Huwa natembea msitu wa Karura wikendi. Inawezekana kweli ama nijipe shughuli nyingine?

JIBU: Inawezekana, ila uielewe simu yako kwanza. Apecha ya simu haibadiliki, nyingi ziko karibu na f/1.8, yaani tundu ni kubwa saa zote. Pale pale kivulini ambapo kamera kwa f/16 inapata nusu sekunde, simu yako hata ukiishusha ISO mpaka 50 itataka kama 1/80, na hapo hamna mwendo wowote utakaoonekana. Kwa hiyo ingia setingi ya Pro, ile ya kupanga kila kitu mwenyewe, ISO iwe ya chini kabisa, shata 1/5, halafu nunua kile kifilta cha kubana cha ND16, ndo kitakufikisha pale. Kama hela hamna kwa sasa, ziba lenzi na kioo cha miwani ya jua ile yenye polaraiza na uende asubuhi mapema kabla mwanga haujakaza, Nairobi ya Julai yenyewe mara nyingi inakaa na mawingu. Usitumie hali ya usiku, ile inapiga picha nyingi na kuzipanga zilingane, yaani inafuta mwendo ulioutafuta.

Karura tafuta ile mikaratusi, magome yake yanabambuka na shina linabaki laini la rangi ya mwanga, likiwa mbele ya kijani kizito linasimama vizuri sana. Sehemu za miti ya asili zina mimea ya kutambaa na matawi yamepishana kila upande, hapo kushusha wima hakusaidii, jaribu kuzungusha kidogo au kusogeza kwa duara dogo, ila hiyo iache mpaka mkono uzoee.

SWALI: Shikamoo kaka. Nimemwonyesha mteja wangu picha ya namna hii akasema imeharibika. Hii kweli ni sanaa au tunaficha makosa? Na kwanini mnaiita ya kiimpreshoni?

JIBU: Marahaba dada. Jina limetoka kwa wachoraji wa Ufaransa. Claude Monet alichora bandari ya Le Havre alfajiri mwaka 1872, akaipa jina lenye neno impreshoni, yaani vile jicho lilivyoguswa kwa muda ule. Ilipoonyeshwa Paris mwaka 1874 mwandishi mmoja akalichukua neno impreshoni kuwadhihaki wachoraji hao, jina likabaki. Kwa upande wa kamera, Ernst Haas, mzaliwa wa Vienna, miaka ya 1950 alipiga picha mapambano ya watu na mafahali Hispania kwa shata ya polepole na filamu ya rangi, na mwaka 1962 MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, likamfanyia maonyesho yake peke yake. Kwa hiyo sio kitu cha jana.

Kosa linakuja lenyewe, hii unaichagua na unaweza kuirudia kesho ukitaka, kwangu tofauti ni hiyo na naiamini kabisa. Ila mteja wako namwelewa, kaiona kwenye simu, ndogo, inapita na zingine zilizo kali. Iprinti kubwa, A3 au zaidi, kwenye karatasi isiyong'aa au kanvasi, mwekee ukutani asimame mbali kidogo, halafu mwulize tena.