Barua kwa mwanangu: kuku wa babu yako na safari ya Wabuki

Mwanangu Khamis,

Asalaam aleikum. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, upepo ulikuwa mwingi hapo bandarini Mahajanga ila neno nimelipata. Unauliza hawa Wabuki, watu wa Bukini yaani Madagaska, ni Waafrika au watu wa Asia, manake wenzako melini wanabishana na yule mmoja kasema walipotea tu baharini wakatupwa hapo na mawimbi. Nitakujibu. Lakini kwanza hilo la kupotea. Hawakupotea, na usimwachie mtu aliseme mbele yako ukanyamaza.

Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa juu ya watu wa Pasifiki, ndugu zao hao Wabuki. Mie niko darasa la sita, mwalimu wetu wa jiografia alichora Pasifiki ubaoni, akatia vidoti vyake, akasema watu wa visiwa hivi walifika kwa bahati, walikwenda kuvua upepo ukawachukua. Mie mtoto wa Tumbatu, baba mvuvi, babu mvuvi, nikanyoosha mkono nikauliza, mwalimu, na wanyama wao je? Akasema walikuwa na kuku, nguruwe na mbwa. Nikamwambia, sasa mtu anaekwenda kuvua anapakia kuku? Darasa zima likacheka, yeye akaona nimemvunjia heshima, nikasimamishwa kwa mguu mmoja mpaka kengele ikalia. Mwanangu nina miaka 63, nimefundisha skuli miaka 31, na siku hiyo bado inaniuma, manake nilikuwa siulizi kwa ujeuri, nilikuwa najua.

Nilijua kwa sababu mwaka ule ule babu yako alitupeleka dago, kambi ya wavuvi, huko Pemba. Tulitoka usiku, kusi imetulia, ndani ya ngalawa mama yangu, mie, Haji mdogo, kapu la kuku wawili wamefungwa miguu, na fungu la mbegu za muhogo mama kalifunga kwa kanga mbichi zisikauke. Mbona kuku, nikamuuliza baba, akasema tunakwenda kukaa miezi. Basi. Huko katikati, Unguja haionekani na Pemba haionekani, akanambia fumba macho, lala hapo chini, haya nambie wimbi kubwa linatupiga wapi. Nikasema nyuma. Akasema likianza kukupiga ubavuni niamshe. Akajiegemeza kama mtu anaelala, nikaiongoza mie ngalawa kwa mgongo wangu! Alfajiri Kilimia, lile kundi la nyota, kikachomoza mkono wa kulia, baba akakitazama tu, akageuza usukani kidogo, na Pemba ikatokea pale pale. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na baba yako analijua hilo.

Ndo maana nasema kila siku, mtu hapakii kuku kama hajui anakokwenda.

Wale wa Pasifiki wazee wao walianzia Taiwan, kama miaka 5,000 iliyopita, wakashuka Ufilipino na Indonesia, wengine wakakata mashariki wakiacha vyungu vyao vya Lapita vyenye nakshi za vidotidoti mpaka Tonga na Samoa, na New Zealand wakaifikia mwisho kabisa, kwenye karne ya 13. Na safari zao nyingi zilikwenda dhidi ya upepo wa kawaida, sasa kupotea gani huko kwa kwenda kinyume na upepo? Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norway akatoka Peru kwa chelezo cha magogo, siku 101, akafika visiwa vya Tuamotu, watu wakasema ee, kumbe walitokea Amerika. Ujasiri anao, simnyimi. Lakini lugha na damu za watu wa Pasifiki zinaelekea magharibi, kule Asia. Halafu 1976 mwanabaharia wa kisiwa cha Satawal huko Mikronesia, Mau Piailug, akakiongoza chombo Hōkūleʻa kutoka Hawaii mpaka Tahiti, bila dira bila ramani, nyota na mawimbi tu, akiyasikia mawimbi kwa mwili wake. Niliposoma hilo nililia. Nilimuona baba.

Sawa, wapo wanaopotea kweli. Mjomba wako Haji alipotea siku nne akaokotwa karibu na Shimoni huko Kenya. Lakini Haji hakuanzisha mji Shimoni, alikuwa hana mke wala mbegu, alikuwa na kiu.

Haya, Wabuki. Hao ni wale waliokata magharibi. Lugha yao ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha Borneo, mtaalamu wa lugha Otto Dahl alilionesha hilo 1951, na kutoka Borneo mpaka hapo ulipo ni zaidi ya kilomita 6,000. Mbingu wao wanasema lanitra, Wamalei langit, Wamaori rangi. Sasa waulize wanawaitaje wanyama. Ng'ombe omby. Mbuzi osy. Mbwa amboa. Kuku akoho. Umesikia? Hayo yametoka huku kwetu kwa Wabantu.

Na hapo mwanangu ndo ninapokwama, manake kama kuku wao jina ni letu, basi pengine walikuja bila kuku, na kuku ndo hoja yangu ya maisha! Nimelala nalo siku mbili. Lakini wachimbuaji wamekuta punje za mpunga na choroko za Asia kwenye vijiji vya zamani vya Ngazija na huko Bukini. Basi mbegu walikuwa nazo. Kuku au mbegu, mzigo ni ule ule wa mtu anaekwenda kukaa.

Kwa hiyo Waafrika au Waasia? Damu zote mbili wanazo, waliobishana wote wamepata nusu. Natamani sana nikwandikie kuwa walitua pwani yetu kwanza, wakakaa, wakaoa, wakatuachia matengo ya ngalawa, yale magogo ya ubavuni yanayoizuia isipinduke, ndo wakavuka. Matengo yale asili yake ni kwao, hilo nalisema. Lakini kuwa walipita kwetu kwanza, hapana, naliacha, ingawa moyo wangu ushahukumu.

Nenda ufukweni ukaangalie lakana zao, mitumbwi yao. Za Wavezo, wavuvi wa kusini, zina tengo upande mmoja, sisi pande mbili, nataka kujua za hapo zikoje, piga picha kwa karibu. Na mtafute mzee mvuvi muulize Kilimia wanakiitaje. Wamaori wanakiita Matariki na ndo mwaka wao mpya. Ukilipata jina nitumie kwa voisi, ulitamke polepole, usisimame penye upepo.

Mama yako