Usiitupe PHP yako

Dada, umesema uliandika programu kwa lugha ya PHP miaka 5, ukaacha mwaka 2014 kulea watoto, na sasa unajiuliza kama uanze lugha nyingine, Python, kutoka sifuri. Mimi nakusihi usianze upya. Niliwahi kukaa nje miaka 4 nikimuuguza baba, na wiki ya kwanza niliporudi nililia mbele ya kompyuta. Mikono husahau, lakini namna ya kulichambua tatizo haipotei.

Chukua ule mfumo wa mauzo uliouandikia duka la shemeji yako, uuendeshe kwenye PHP 8. Utagoma. Amri ya mysql_query uliyoizoea kuongea na hifadhidata iliondolewa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015. Ibadilishe kila mahali iwe PDO, njia nyingine ya PHP kuongea na hifadhidata, na hapo hapo acha kuchomeka maneno anayoandika mteja moja kwa moja ndani ya SQL, yaani maagizo yanayotumwa kwa hifadhidata. Tumia prepare na execute, amri za PDO zinazotenganisha agizo na maneno ya mteja, maana ndiyo kinga ya mtu kukuibia data kupitia fomu. Kila badiliko lihifadhi kwa Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, hata dogo. Mwajiri akifungua historia hiyo ataona unavyofikiri, jambo ambalo cheti hakimwonyeshi.

Laravel, kile kiunzi cha kujengea mifumo ya PHP, ije baadaye, mfumo ukishasimama.

Kuhusu pengo kwenye wasifu wako, andika tu kwamba ulikuwa unalea. Usiombe radhi kwa hilo. Ukikwama kwenye PDO, bandika ujumbe wa kosa hapa hapa, mzima, tuusome pamoja.