Ukitaka darasa lilee raia, anza na ubishi

Elimu huria, yaani masomo mapana ya kumkuza mtu badala ya kumfunza kazi moja, ikitajwa tu, swali la kwanza huwa lilelile: falsafa, historia na fasihi zitampa mtu kazi gani? Nimefundisha kozi za namna hiyo chuoni muda wa kutosha kulichoka swali hilo. Linaloniumiza kichwa ni jingine: je, zinamfanya mtu awe raia anayefaa katika nchi ya kidemokrasia? Kwa niliyoyaona, orodha ya vitabu peke yake haifanyi hivyo. Kazi hiyo hufanywa na jinsi watu wanavyozungumza darasani baada ya kuvisoma.

Ujerumani inatosha kutunyima usingizi. Chuo Kikuu cha Berlin kilifunguliwa mwaka 1810 kwa juhudi za Wilhelm von Humboldt, aliyeamini kwamba elimu imkuze mtu mzima, si kumwandalia cheo tu. Tarehe 10 Mei 1933, Wanazi wakiwa madarakani, katika mji huohuo wanafunzi wa vyuo vikuu walibeba vitabu wakaenda kuvichoma hadharani. Hao hawakuwa watu wasiojua kusoma.

Kwa hiyo, wewe unayefundisha, kabla ya kuhangaika na mtaala, weka kanuni moja: hakuna anayeruhusiwa kupinga hoja kabla ya kuieleza upya mpaka mwenye hoja akubali kwamba, naam, hicho ndicho nilichosema. Mimi hupenda kuanza na suala la kulazimisha watu kupiga kura. Australia ilipitisha sheria hiyo mwaka 1924, na asiyepiga kura bila sababu ya msingi hutozwa faini. Darasa hugawanyika mara moja. Mmoja anasema uhuru wa kupiga kura ni pamoja na uhuru wa kukaa nyumbani. Mwingine anaruka kumjibu, namzuia, namwambia arudie kwanza alichosikia. Anarudia kwa kejeli. Mwenzake anakataa. Anajaribu tena, safari hii taratibu, na hapo ndipo unamwona anagundua kwamba hoja aliyokuwa akiipiga vita ameitunga mwenyewe. Zoezi hili linakula muda, nakiri, na wasemaji wepesi hulichukia. Wale wakimya, kwa kawaida, hulipenda.

Wapo watawala wanaoelewa nguvu ya mambo haya kuliko baadhi yetu walimu. European Humanities University, chuo cha elimu huria hiihii, kilianzishwa Minsk mwaka 1992. Mwaka 2004 serikali ya Belarus ilikifunga, kikahamia Vilnius, Lithuania. Huwezi kusema waliogopa mashairi; waliogopa watu waliozoea kuhoji.

Ushauri wangu wa pili ni kwa wakuu wa vyuo zaidi: wapeni wanafunzi uamuzi wenye uzito, ambao wakikosea utawagharimu. Serikali za wanafunzi zinazopanga tamasha na jezi hazitoshi. Pale Ashesi, chuo kilichoanzishwa Ghana mwaka 2002, wanafunzi wenyewe hupiga kura kama wataingia katika kanuni ya kufanya mitihani bila msimamizi. Wakikubali, kila mmoja anabeba wajibu wa kutoibia, na pia wa kutonyamaza akimwona mwenzake anaibia. Hilo la pili ndilo gumu. Kuwa mwaminifu peke yako ni rahisi ukilinganisha na kumwajibisha rafiki, na nchi nyingi hukwama hapohapo.

Na wewe unayechagua pa kusoma, usidanganywe na maneno mazuri ya kwenye tovuti. Omba kuhudhuria kipindi kimoja. Hesabu ni wangapi wanaongea mbali na mwalimu, kisha tazama mwanafunzi akimpinga mwalimu anajibiwa kwa hoja au kwa cheo.

Kuhusu kusahihisha, maana walimu wenzangu huniuliza sana: pamoja na insha ya mwisho wa muhula, mimi huomba ukurasa mmoja wa ziada. Mwanafunzi ataje hoja ya mwenzake iliyomtikisa, na aeleze kama amebadili msimamo au la, na kwa nini. Simpi alama kwa kubadilika, nampa kwa sababu alizotoa. Kila muhula wapo wanaoandika kwamba hakuna kilichowatikisa. Hao nawarudishia karatasi, na jina la mtu mmoja darasani wa kwenda kuzungumza naye.