Kamera imeanguka, lenzi imekwama: usiiwashe tena kwanza

Mpwa wangu alivuta kamba iliyokuwa ikining'inia pembeni mwa meza, na kamera ikamfuata. Ilianguka ikiwa imewashwa, lenzi ikiwa nje yote. Nilipoiokota, lenzi ilikuwa imelala upande kama jino linalokaribia kung'oka. Nikabonyeza kitufe cha kuzimia. Ikalia trr, trr, trr, lenzi ikatikisika bila kurudi ndani, skrini ikaandika kwamba lenzi ina hitilafu, halafu kamera ikajizima.

Nikaiwasha tena. Ikalia vilevile. Nikaiwasha mara ya tatu, ya nne, nikitumaini kwamba safari hii itajirekebisha. Hapo ndipo ninapotaka kukuzuia wewe. Ndani ya kamera ndogo kuna mota ndogo sana inayozungusha gia, na nyingi ya gia hizo ni za plastiki. Lenzi ikikwama, mota haijui. Inasukuma tu mpaka kamera igundue kwamba hakuna kilichosogea. Kila unapoiwasha, meno ya zile gia yanasagana na kitu kisichotaka kwenda. Lenzi iliyokwama huweza kukwamuliwa. Gia iliyolika meno hairudishiki.

Kwa hiyo toa betri. Ukishaitoa, toa na kadi ya kumbukumbu uiweke mahali salama, maana picha hazikudhurika na lenzi. Mimi kwenye ile kadi nilikuwa na picha za bibi akimpakata kitukuu chake kwa mara ya kwanza, na nilipoziona zimefunguka zote kwenye kompyuta ndipo mikono ikaacha kutetemeka. Kama picha zako ziko kwenye kumbukumbu ya ndani ya kamera, kamera nyingi huwaka bila kutoa lenzi ukishikilia kitufe cha kutazamia picha badala ya kile cha kuwashia. Ukifaulu hapo, unganisha waya uzihamishe.

Sasa ichunguze. Lenzi ya namna hii ni mirija miwili au mitatu inayoingiana. Kila mrija una vipini vidogo ubavuni, na vipini hivyo hutembea ndani ya mifuo iliyochongwa kwa mzunguko, kama nyuzi za skrubu. Mrija ukizunguka, unatoka. Ukizunguka kinyume, unarudi. Kamera ikianguka lenzi ikiwa nje, mara nyingi kinachotokea ni kimoja: kipini kimeruka kutoka kwenye mfuo wake, na mrija umekaa mshazari.

Nilisimama dirishani, nikaishika kamera usawa wa jicho na kuizungusha taratibu, nikitazama ule mwanya mwembamba unaouzunguka mrija. Upande wa kushoto mwanya ulikuwa mpana, vipande viwili vya karatasi vingepita. Upande wa kulia mrija ulikuwa umegusa kabisa, hata karatasi moja haikuingia. Tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha mrija umelalia wapi, na kwa hiyo uusukume kutoka upande upi. Usiguse chochote kabla hujaiona.

Nikaweka kidole gumba kwenye ukingo wa mrija, si kwenye kioo na si kwenye vile vibati vyembamba vinavyofunika kioo, kwani hivyo hupinda kwa kuguswa tu. Nikasukuma kidogo kidogo, nikiunyoosha mrija ukae katikati huku nikiukandamiza kwa ndani. Hakikutokea kitu. Nikaacha, nikatazama tena mwanya, nikasogeza kidole kidogo kuelekea juu, nikasukuma tena. Safari hii nilisikia "tk" ndogo, nikaihisi kwenye kidole kabla ya sikio. Mwanya ukawa sawa pande zote. Nikarudisha betri iliyojaa chaji, nikaiweka kamera mezani ikitazama juu, nikaiwasha. Lenzi ikatoka polepole, ikasita, ikamaliza safari yake.

Nguvu ya kutumia ni ile ya kufunga kifuniko cha kalamu. Ukiona unahitaji zaidi ya hapo, acha.

Kama mwanya uko sawa pande zote na bado lenzi haisogei, shuku mchanga, hasa kama kamera iliangukia nje. Punje moja inatosha kuziba mfuo. Kata ukanda wa karatasi ngumu, uupitishe mwanyani kuzunguka mrija wote huku kamera ikitazama chini ili kinachotoka kidondoke. Karatasi ikikwama mahali, rudia hapo hapo. Kipulizio cha mpira kinasaidia pia. Mdomo usitumie, mate yanaingia. Mafuta ya aina yoyote usitie; yatagandisha vumbi na kuchafua vioo vya ndani.

Betri nayo isikudanganye. Kutoa lenzi ni kazi inayokula umeme mwingi kuliko kuonyesha picha, hivyo betri dhaifu inaweza kuwasha skrini vizuri kabisa na ikashindwa na lenzi njiani. Jaribu ukiwa na chaji kamili kabla ya kulaumu mirija.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usifungue mwili wa kamera. Flashi inapata umeme wake kutoka kwa kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, inayoweza kubeba hadi volti 300 hivi, na umeme huo hubaki humo muda mrefu baada ya betri kutolewa. Mwenye bisibisi na hamu ya kujifunza anaweza kupigwa vibaya sana. Fundi anajua jinsi ya kuumaliza kwanza. Na kama kamera bado ina dhamana, soma karatasi yake kabla ya kusukuma chochote. Dhamana nyingi hazigusi kamera iliyoanguka, lakini yako huenda ilikatiwa bima.

Lenzi ikishatembea, ipime. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama mbele yake sawasawa, piga picha moja bila kuvuta kwa zumu na nyingine ukiwa umevuta hadi mwisho, kisha zikuze uangalie pembe zote nne. Herufi za upande mmoja zikiwa na ukungu na za upande mwingine zikisomeka, lenzi imekaa lakini haijanyooka. Yangu iko hivyo: pembe ya chini kushoto inafifia nikivuta hadi mwisho. Siku hizi sivuti, nasogea karibu na ninayempiga picha.