Mafuta yakishika moto, weka maji mbali

Nakaanga chipsi na mihogo kwa biashara. Kabla sijawasha jiko, huwa nahakikisha mfuniko wa bati, mpana kuliko karai, uko karibu na mkono. Wanaonisaidia wameshazoea: hakuna mfuniko, hakuna kukaanga.

Mafuta hutoa dalili mapema. Yanaanza kufuka moshi mwembamba, na harufu yake inawasha macho. Zima jiko hapohapo. Ukiyaachia, joto litazidi kupanda hadi yawake yenyewe, hata kama moto wa jiko haujayagusa.

Karai la kibanda cha jirani lilipowaka, kijana mmoja alikuwa tayari ameinua ndoo ya maji. Nilimpigia kelele asimwage. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama. Huko chini yanakuta joto la zaidi ya nyuzi 300 na kugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unahitaji nafasi mara 1,700 hivi ya maji yenyewe. Ndiyo maana mafuta yanayowaka hurushwa juu na kumwangukia aliye karibu. Tulifunga koki ya gesi, tukauteleza mfuniko juu ya karai kuanzia upande wetu kwenda mbele, ili moto usiturudie usoni. Ukakosa hewa, ukafa.

Kazi ngumu ikawa kuwazuia watu wasifunue. Kila mmoja anataka kuchungulia! Mafuta yakiwa bado ya moto, ukifunua tu hewa inaingia na yanawaka upya. Acheni karai lipoe kabisa, na msilibebe kulipeleka nje, kwa sababu mafuta yatamwagika njiani na kumuunguza aliyebeba.

Mtungi wa kuzimia moto nao ninao, wa unga, kilo 6. Unga wake hauchukui hata nusu dakika kuisha, basi usiupoteze kwa kupuliza juu juu kwenye ndimi za moto. Chomoa pini, elekeza mpira kwenye shina la moto, bana, kisha peleka kushoto na kulia. Kwa mafuta, simama mbali kidogo, maana ule msukumo unaweza kuyarusha. Mshale wa kipimo uwe kwenye kijani; mimi huukagua kila ninapofanya usafi.

Moto ukishadaka pazia au dari, toeni watu, fungeni mlango nyuma yenu, mpige 114 kama mko Tanzania. Mitaa yetu mingi haina vibao, kwa hiyo tajeni msikiti, shule au kituo cha daladala kilicho karibu, na mtu mmoja asimame barabarani kuwaelekeza zimamoto.